Kabla ya Pigo la Kwanza

Anayekaa Buyangu, kwenye ukingo wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, hahitaji kwenda mbali kuona jinsi jamii inavyoweza kulilea pigano. Akiuacha msitu na kuelekea kusini ataingia nchi ya Waisukha na Waidakho, na huko Khayega, Shinyalu au Malinya, asubuhi ya Jumamosi, atakuta mafahali wakisindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, nyimbo na umati unaokimbia mbele na nyuma yao. Pambano lenyewe huenda likaisha kwa dakika chache. Maandalizi yake yamechukua miezi. Nauchukua mfano huo wa jirani ili nipimie sanaa ya mbali ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa filamu na simu zao: ndondi za Kithai, yaani Muay Thai, ambazo mpiganaji hutumia ngumi, viwiko, magoti na miundi. Wengi wanaoziandika huanza kwa kuuliza zilizaliwa lini na ni mali ya nani. Swali hilo lina haki yake, lakini nadai kwamba limepewa uzito kupita kiasi. Kinachoifanya namna ya kupigana kuwa sanaa si umri wake wala usafi wa nasaba yake. Ni yale yanayolizunguka pigo: mwalimu anayeheshimiwa, muziki unaoamuru mwendo, mpaka unaojulikana na wote, na sababu ya watu kukutana. Jamii inayoyatunza hayo ina mila hata kama glovu zake zimetoka Uingereza. Jamii iliyoyapoteza imebaki na kipigo tu, hata kama mababu zake walipigana kwa miaka elfu moja.

Tuanze na ushahidi wa asili, kwa kuwa ndio unaotangulizwa kila mahali. Mji wa Ayutthaya, makao ya wafalme wa Siam, yaani Thailand ya leo, kwa zaidi ya karne nne, ulitekwa na kuchomwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, na maandishi mengi yakateketea pamoja nao. Anayetaka kujua watu wa huko walipiganaje kabla ya hapo analazimika kuokota vipande. Kimoja kiliachwa na Simon de la Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa aliyefika Siam mwaka 1687, ambaye katika kitabu chake kuhusu nchi hiyo alitaja watu wanaopigana kwa ngumi na viwiko, mikono imezungushiwa kamba. Kingine ni habari ya Nai Khanom Tom, mateka wa vita vile, anayesemekana kuwa mwaka 1774 alisimamishwa mbele ya Mfalme Hsinbyushin wa Burma apigane na mabingwa wa huko, akawashinda mmoja baada ya mwingine, tisa kwa wengine wanaosimulia, kumi kwa wengine. Thailand humkumbuka kila tarehe 17 Machi. Lakini habari ya Nai Khanom Tom katika kumbukumbu za kifalme ni fupi, na simulizi inayosomwa leo imenenepeshwa na vizazi vilivyohitaji shujaa wa taifa. Sisemi hakuwepo. Nasema kwamba mtu mmoja shujaa, hata akiwa wa kweli kabisa, hawezi kutueleza ni kwa nini mtoto wa Buriram au Khorat, mikoani Thailand, anapiga magoti ulingoni leo kabla hajarusha teke.

Ng'ambo ya mpaka, Wakambodia huonyesha michongo ya hekalu la Bayon, iliyochongwa katika enzi ya Angkor, na kusema kwamba sanaa hiyo ni yao, kwamba Wathai waliichukua. Ubishi huo ulifika kilele mwaka 2023, Phnom Penh ilipokuwa mwenyeji wa michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Wenyeji waliuita mchezo huo Kun Khmer, nao Wathai wakakataa kupeleka wapiganaji wao katika mashindano hayo. Burma nao wana ndondi zao zinazoruhusu hata kichwa, na Laos wana zao. Mtu akiyatazama haya yote bila bendera mkononi ataona kwamba watu waliopakana kwa mito, biashara na vita vya karne nyingi walipokezana namna za kupiga kama wakulima wanavyopokezana mbegu, na kwamba kumtafuta aliyepanda kwanza hakutatuonyesha shamba lilivyo sasa. Kugombea asili ni kugombea umiliki. Umiliki unaweza kuwa na faida zake, za utalii na za fahari, lakini haugusi kile kinachotendeka kati ya watu wawili walioingia ulingoni.

Tena, sehemu kubwa ya kile anachokiona mtazamaji wa leo iliundwa katika karne ya 20, na tunajua hatua zake. Mwaka 1910, katika mazishi ya mwana wa Mfalme Chulalongkorn, wapiganaji waliletwa kutoka mikoani, na watatu waliong'ara, mmoja wa Chaiya, mmoja wa Lopburi, mmoja wa Khorat, wakapewa vyeo na mfalme. Msomaji ashike kwamba walikutana kwenye mazishi, kwa sababu jambo hilo lina mwenzake huku kwetu. Mrithi wa Chulalongkorn, Vajiravudh, alikuwa amesomeshwa Uingereza, na katika enzi yake, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulingo wa kudumu ulijengwa Bangkok katika viwanja vya shule ya Suan Kulap. Kabla ya hapo watu walipigana kwenye ardhi tupu, na muda ulipimwa kwa kifuu cha nazi kilichotobolewa na kuwekwa kielee majini: kikizama, raundi imekwisha. Saa ikachukua nafasi ya kifuu. Mwishoni mwa muongo huo mpiganaji mmoja alikufa kwa kupigwa na mikono iliyofungwa kamba, na glovu zikawa lazima. Siam yenyewe ikabadilisha jina kuwa Thailand mwaka 1939. Uwanja wa Rajadamnern ukafunguliwa Desemba 1945, na wa Lumpinee mwaka 1956. Ulingo, glovu, saa, refa, madaraja ya uzani: vyote hivyo viliazimwa. Anayetafuta sanaa safi isiyoguswa na mgeni hataipata hapa, na kama usafi ndio kipimo, basi Wathai hawana sanaa ya jadi. Hitimisho hilo halikubaliki kwa yeyote aliyewahi kutazama pambano moja kwa makini, na kwa kuwa halikubaliki, kipimo chenyewe ndicho chenye kasoro.

Ni nini basi kinachobaki mikononi mwao? Tuangalie mwenendo wa pambano tangu mwanzo. Mpiganaji huingia akiwa amevaa kichwani kitanzi cha kamba iliyosukwa na kubarikiwa, mongkhon, ambacho hakitakiwi kuguswa ovyo wala kuanguka chini. Si mali yake kwa maana ya kawaida. Mwalimu ndiye anayemvisha, na mwalimu ndiye atakayemvua kwa dua fupi kabla ya kengele. Mikononi amefunga vitambaa ambavyo hubaki navyo hadi mwisho. Huuzunguka ulingo akizigusa kamba zake, kisha hupiga magoti katikati, husujudu mara tatu, halafu hucheza, polepole, kila kambi na kila mkoa kwa miondoko yake. Desturi hiyo huitwa wai khru, na maana yake yote ni kumwinamia mwalimu na waliomfundisha mwalimu. Mpiganaji mwenyewe huenda hana umri wa kutosha kunyoa ndevu, lakini kabla ya kumgusa mpinzani amekwisha kutamka mbele ya maelfu ya watu kwamba nguvu alizonazo amepewa. Hata jina analoitwa nalo ulingoni si la baba yake: nusu yake ya pili ni jina la kambi iliyomlea. Akishinda, kambi imeshinda. Akifanya utovu wa nidhamu, aibu ni ya kambi nzima.

Muziki nao haupo kwa ajili ya kupamba. Zumari aina ya Java, ngoma mbili ndefu na matoazi madogo hupigwa na watu waliokaa kando ya ulingo huku macho yao yakiwatazama wapiganaji. Wakati wa kumwinamia mwalimu mwendo ni wa taratibu. Raundi zikianza mdundo hupanda, na katika raundi za mwisho huharakishwa kulingana na joto la pambano. Mpiganaji aliyefundwa vizuri hupiga na kurudi nyuma ndani ya mdundo huo. Msikilizaji wa pwani yetu asingeiona sauti ya zumari ile kuwa ngeni, kwa sababu ni ya ukoo mmoja na zumari ya Lamu, ukoo uliosambazwa na wafanyabiashara na mabaharia wa Bahari ya Hindi kuanzia nchi za Waarabu na Waajemi hadi visiwa vya Asia. Na Lamu yenyewe ina kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao wanaume wawili huingia duara na kurushiana na kukinga mapigo huku zumari na ngoma zikiwaongoza. Bahari moja, ala ya ukoo mmoja, pigano katikati ya duara la watu wanaojua lini pigo ni la haki na lini limevuka. Nani alimfundisha nani? Hakuna haja ya jibu ili tuone kwamba pande zote mbili zilielewa jambo lile lile: mtu anayepigana kwa mdundo amekubali kutawaliwa na kitu kisicho hasira yake.

Hesabu ya ushindi nayo inasema mengi. Katika viwanja vikubwa vya Bangkok pambano ni raundi 5 za dakika 3, na mapumziko ya dakika 2 kati yake. Raundi mbili za mwanzo hutumika kupimana. Ya tatu na ya nne ndizo zinazoamua. Teke au goti lililomyumbisha mpinzani huhesabiwa zaidi ya ngumi nyingi zisizomtikisa, kwa kuwa waamuzi hutazama nani amebaki wima, nani ametulia, nani amepoteza usawa wa mwili. Na katika raundi ya tano hutokea jambo linalowakera watazamaji wageni: aliye mbele kwa wazi hurudi nyuma, hukinga, hucheza mbali, na aliye nyuma akishaona kwamba hataweza kupindua mambo huyaacha yaishe. Wageni huona uvivu. Mimi naona jamii iliyokubaliana kwamba kushinda kukishajulikana, hakuna sababu ya kuendelea kumvunja mtu.

Sasa turudi Kakamega. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma, na mwimbaji mmoja anayeongoza. Ni ngoma ya kuzaliwa kwa mtoto, ya jando, ya harusi, ya mazishi. Fahali anapotolewa zizini kwenda uwanjani, ngoma hizo hutangulia, na wimbo humtaja fahali, mwenye fahali na ukoo wake. Wanaume wenye fimbo humwongoza; wakifika uwanjani, wanyama hao huelekezwa uso kwa uso, na tangu hapo nguvu za shingo ndizo zinazosema. Kanuni ya mwisho ndiyo inayonivutia. Fahali akigeuka na kukimbia, ameshindwa. Hakuna upanga unaosubiri kama kule Hispania, wala hakuna anayetaka mnyama afe, kwa kuwa aliyeshindwa leo atarudi zizini, atalishwa, na huenda akarudi uwanjani msimu ujao. Kugeuza mgongo kumetosha. Na mafahali huletwa pia kwenye mazishi ya wazee wenye heshima, hasa waliokuwa na mafahali wenyewe, wapigane mbele ya waombolezaji. Hapo ndipo mazishi ya mwana wa mfalme ya 1910 yanapokutana na boma la mzee wa Idakho. Kwa nini watu walete pigano mahali pa kifo? Nadhani ni kwa sababu kifo kimeshaivuruga nguvu ya ukoo, na nguvu inayoonyeshwa hadharani, ikiwa imefungwa kwa ngoma na kwa kanuni, huwahakikishia walio hai kwamba bado wanaweza kuishika bila kuwaponyoka.

Atatokea wa kunipinga hapa: kule Thailand binadamu ndiye anayepigana, huku ni mnyama, na kuvilinganisha ni kulazimisha. Pingamizi hili ni zito na silipuuzi. Mpiganaji wa Kithai amejifunza, anachagua, anaweza kusalimu amri; fahali hajachagua chochote. Sisemi kwamba kupiganisha mafahali ni sanaa ya mwili kama ndondi, na mtu anayetetea haki za wanyama ana hoja ambayo wapenzi wa mchezo huo wa Kakamega hawajaijibu vya kutosha. Ninacholinganisha ni kile kinachozunguka, wala si mwili ulio katikati. Ukiondoa fahali na kuweka vijana wawili wenye fimbo, utapata kitu kinachokaribia kirumbizi. Ukiweka umati wenye migomba mikononi, utapata kinachofanyika Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, silaha iliyochaguliwa kwa kuwa inauma bila kuua, huku wanawake wakiimba, hadi mwaka wa zamani umalizwe na kinyongo chake. Mwili ulio katikati hubadilika. Mpaka, muziki na sababu ya kukutana havibadiliki sana.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ikiwa muziki ndio kipimo, basi wahuni wa mkutano wa siasa waliokodiwa na kuchezewa isukuti nao ni wanasanaa. Jibu langu ni kwamba kuwepo kwa ngoma hakutoshi; ngoma lazima iamuru. Tuulize mambo mawili. Je, pigano linaweza kuanza kabla ya ngoma na mwalimu kulifungua? Na je, kuna mtu ambaye wote wamekubali kwamba akiinua mkono, litakoma? Ulingoni Bangkok jibu la swali la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo. Uwanjani Khayega, kwa kawaida, majibu ni hayo hayo. Kwenye vurugu za kampeni ngoma hupigwa kwa malipo na hakuna mwenye mkono wa kusimamisha. Kipimo hiki kinakata hata ndani ya mila zenyewe: siku ambayo watu wanaoweka dau wanavamia uwanja na kuwachochea mafahali baada ya mmoja kukwisha kugeuka, siku hiyo mila haikuwepo ingawa ngoma zilisikika kijiji kizima.

Kuna ushahidi mwingine wa Kenya unaoipima hoja hii kwa upande wa pili. Ndondi za Kiingereza zilifika kwetu katika karne ile ile zilipofika Siam: glovu, kamba, saa na refa. Hapa zilikua jeshini, polisi, magereza na katika kumbi za mitaa ya mjini, na zilitoa mabondia hodari. Robert Wangila alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeipata. Akafa mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas, akiwa hajafikisha miaka 27. Lakini glovu zile hatukuzizungushia chochote cha kwetu. Bondia wa Nairobi haingii ulingoni kwa isukuti, wala hamwinamii aliyemfundisha. Kwa nini Wathai waliweza? Sehemu ya jibu ni kwamba Siam haikutawaliwa na wakoloni: waliokopa glovu walikuwa na mamlaka ya kuamua ziingie kwa masharti gani, na mfalme aliyependa desturi za Uingereza ndiye aliyebaki mlezi wa desturi za nyumbani. Huku kwetu aliyeleta glovu ndiye aliyeshika serikali, na misheni nyingi, tangu Wakweka walipofika Kaimosi mwaka 1902 na wengine waliofuata, zilikuja wakati ngoma za kienyeji zikihesabiwa kuwa ushenzi wa kuachwa mlangoni. Michezo ikaenda upande mmoja, ngoma upande mwingine. Wangila alikuwa bondia mkubwa wa mchezo usio na nyumba, na namheshimu zaidi kwa sababu hiyo: kila alichokijenga alikijenga bila duara la kumshika.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma, na si haki kulipitia haraka. Mtu anaweza kusema kwamba sifa zote hizi za mwalimu na zumari ni pazia. Nyuma yake kuna umaskini wa Isan, ule ukanda wa kaskazini-mashariki wa Thailand wenye udongo mwembamba, ambao wazazi wake huwapeleka watoto kambini wakiwa na miaka 8 au 9 ili ujira wa pambano usaidie nyumbani. Kuna kamari inayotiririka kwa ishara za vidole katika majukwaa ya Bangkok. Mwaka 1999 Thailand ilitunga sheria ya ndondi inayodai mtoto aliye chini ya miaka 15 awe na idhini ya mzazi na aandikishwe. Hata hivyo Novemba 2018 mvulana wa miaka 13 alikufa baada ya kuangushwa ulingoni, naye alikuwa amekwisha kupigana zaidi ya mara mia moja. Uchezaji wa wai khru haukumkinga. Huku kwetu, Januari 2024, fahali mmoja mashuhuri wa Ikolomani, Kakamega, alimuua mmiliki wake, na kwa mujibu wa mila fahali huyo akachomwa mkuki. Walio karibu zaidi na nguvu hizi mara nyingi ndio wenye kipato kidogo zaidi, na waliokaa jukwaani ndio wenye dau.

Nakubali yote hayo, na bado nadhani yanaipa hoja yangu nguvu badala ya kuivunja. Mvulana yule hakufa kwa sababu ya kumwinamia mwalimu mno. Alikufa kwa sababu mpaka ambao ungemlinda ulikuwa mpana kuliko mwili wake, na watu wazima waliopaswa kuinua mkono walikuwa wamezoea kutazama. Mpaka ni sehemu ya mila kama zumari ilivyo sehemu ya mila, na historia inaonyesha kwamba unasogezwa bila mila kufa. Ulisogezwa kamba zilipoondolewa mikononi na glovu zikavaliwa, wala hakuna aliyesema kwamba Muay Thai imekwisha. Ulisogezwa mwaka 2021, wanawake walipopigana kwa mara ya kwanza katika ulingo wa Lumpinee, ambao kwa miongo mingi hawakuruhusiwa hata kuugusa. Wanaotetea watoto kupigana bila kinga ya kichwa kwa kisingizio cha jadi wanasahau kwamba jadi yao wenyewe imekuwa ikibadilisha mavazi na masharti kila kizazi. Vivyo hivyo kwa wenye mafahali: kumwekea mtunzaji bima, kumlipa ipasavyo na kutenga watu na wanyama kwa ua imara hakuondoi hata mdundo mmoja wa isukuti.

Kinachoogofya zaidi kwa maoni yangu ni upande mwingine, ule wa kupunguza yanayozunguka ili pigo lionekane haraka. Tangu Januari 2023 kampuni ya mapambano ya ONE imekuwa ikiandaa usiku wa Ijumaa ndani ya Lumpinee yenyewe: raundi 3 badala ya 5, glovu nyembamba zinazokata na kuangusha upesi, na marupurupu manono kwa anayemzimisha mpinzani. Fedha imeongezeka, na wapiganaji waliokuwa wakilipwa kidogo wana haki ya kuifurahia. Lakini raundi za kupimana zimeondoka, na ile raundi ya tano ya kumwachia aliyeshindwa imeondoka nayo. Isukuti iko katika njia hiyo hiyo kwa mwendo wake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa wajuzi wengi ni wazee, warithi ni wachache, na watunzi huvutwa na muziki wa biashara. Siku hizi mtu huipata hotelini kwa dakika tano kabla ya hotuba, au mbele ya msafara wa mgombea. Isukuti iliyokatwa namna hiyo inabaki na sauti, lakini hakuna kinachomsubiri fahali wala maiti wala mwali. Kuokoa ngoma kwa kuitenga na shughuli yake ni kama Wathai kuamua kuhifadhi zumari kwenye jumba la makumbusho huku ulingo ukipigiwa disko.

Hapa ndipo Buyangu inapoingia kwa namna ambayo mijadala ya asili haiwezi kuifikia. Ngoma ya isukuti huchimbwa kwenye gogo na kuwambwa ngozi ya kenge. Sehemu hii ya kaskazini ya msitu iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya tangu miaka ya 1980, kwa masharti makali kuliko upande wa Isecheno ulio chini ya shirika la misitu, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumwinda kenge kwa ajili ya ngozi. Naunga mkono ulinzi huo bila kusita. Msitu huu ni kipande cha mwisho nchini cha msitu mkubwa uliowahi kuungana na ule wa Kongo, na ukikatwa haurudi. Lakini taifa lililopeleka isukuti UNESCO ndilo hilo hilo linalolinda miti na wanyama wanaotoa ngoma, na mikono yake miwili haijakutana. Kuna miti inayoangushwa na dhoruba ambayo ingeweza kutolewa kwa mafundi wachache walioandikishwa, kwa idadi inayojulikana, mbele ya askari wa msitu. Kuna ngozi za mbuzi ambazo mafundi wangeweza kuzijaribu na kuamua wenyewe, kwa masikio yao, kama sauti inatosha. Na kuna miche ya miti ya ngoma inayoweza kupandwa kwenye mashamba yanayopakana na msitu, ili mjukuu wa fundi asihitaji kibali cha mtu yeyote.